Mkwe wa Kunduchi Apanda Tosamaganga

Mwezi wa saba ukiingia, vijana wa bodaboda pale Kunduchi Mtongani huvaa makoti yenye manyoya shingoni. Wavuvi wanaorudi alfajiri hupita sokoni wamejitanda mpaka puani. Kipimajoto kinasema nyuzi 19 au 20, lakini nani anakisikiliza? Sisi tumeshaamua kuwa hiyo ni baridi. Tunaichemshia tangawizi, tunakosa kazi kwa ajili yake, na asubuhi tunaulizana kwa huruma: "Jana ulilalaje?" Mtu aliyelelewa hivyo akienda kuoa Iringa, wakwe zake wana haki ya kusogeza viti na kusubiri vichekesho.

Mimi nimeoa Iringa, tena si mjini. Kwa wakwe zangu ni jirani na Tosamaganga, misheni kongwe iliyoko kilimani, mwendo usiofika kilomita 20 kutoka Iringa mjini. Anayetaka kuona kijiji cha Kiitaliano cha milimani bila kupanga foleni ya viza, aende pale. Waliotangulia walikuwa Wabenediktini wa Kijerumani, mwishoni mwa karne ya 19, vumbi la vita vya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, likiwa bado halijatulia. Ngome ya Kalenga, bondeni si mbali na hapo, ilianguka mwaka 1894, na Mkwawa mwenyewe akajipiga risasi Julai 1898 badala ya kukamatwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani wakaondolewa, wakaja Waitaliano wa Consolata, shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901 na Padri Giuseppe Allamano, ambaye Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu Oktoba 2024. Torino iko miguuni pa milima ya Alps. Kwa hiyo watu hao hawakushtushwa na upepo wa Uhehe. Walijenga kwa kuta nene, wakaezeka kwa vigae vyekundu, wakatulia na kazi zao za kanisa, shule na hospitali. Aliyekuja kushtuka ni mimi.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Julai. Mke wangu aliniambia nibebe sweta, nikamwambia ipo. Ilikuwepo kweli, ila ya mikono mifupi. Nafasi yote iliyobaki begini niliijaza heshima ya ukweni: furushi la ng'onda na samaki wa kukaanga kutoka soko letu la Kunduchi Pwani, na chupa kubwa ya mafuta ya nazi ya kupika nyumbani, masafi, ukiyainua juani unaona upande wa pili. Hayo yalikuwa ya mama mkwe.

Kutoka stendi ya Mbezi Luis hadi Iringa ni kilomita karibu 500. Mpaka Morogoro tulikwenda kwa amani. Tulipoingia Hifadhi ya Mikumi, abiria wakaanza kusema wanyama wa huku wananuka sana. Hifadhi ikaisha, tembo wakabaki nyuma, harufu ikaendelea na safari. Ruaha Mbuyuni kondakta alipita akinusa kiti hadi kiti. Nami nikanusa, nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikamtazama jirani yangu kwa jicho la lawama. Kisha tukaanza kupanda mlima Kitonga, kona juu ya kona, masikio yakaziba, watu wakafunga vioo kwa baridi. Hapo ndipo mzee mmoja wa kiti cha mbele alipogeuka, akanitazama mimi peke yangu, akasema taratibu, "Mwanangu, hao ulionao wafikishe salama. Wameshakufa mara moja, inatosha."

Zawadi zilikabidhiwa asubuhi iliyofuata, wazee wote wamekaa. Julai usiku Iringa hushuka mpaka nyuzi 10 hivi, na nyumba haina cha kuzuia baridi ila blanketi. Nikatoa samaki, wakapigiwa vigelegele. Nikatoa chupa. Ndani yake mlikuwa na kitu cheupe, kigumu, kimesimama wima kama mshumaa. Mama mkwe akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaipindua juu chini. Kimya. Akaitikisa. Kimya.

"Baba," akaniuliza kwa adabu yote, "umetuletea Kimbo?"

Nikaeleza kuwa ni mafuta ya nazi na kwamba yameganda kidogo tu. Hata kwetu Julai huganda alfajiri, lakini kabla hujamaliza chai jua limeshayayeyusha. Nikasema kwa uhakika wa mtu wa pwani, "Tungoje jua lipande." Chupa ikawekwa juu ya ukuta wa ua. Jua likapanda. Watoto wakaja kuchungulia. Majirani waliopita wakawasimulia wenzao, nao wakarudi pamoja nao. Jua likafika utosini, likapita, likaanza kushuka upande wa pili, na mafuta hayajatoa hata tone. Shemeji yangu mdogo, aliyekuwa sekondari, ndiye aliyeniokoa kwa kunizamisha zaidi: mafuta ya nazi, alisema, huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na hapa mwezi huu hata mchana ni shida kufika. Chupa ikatiwa kwenye sufuria ya maji ya moto, yakayeyuka, mama mkwe akajipaka mikono, kila mtu akapumua. Baba mkwe alikuwa amenyamaza muda wote. Akauliza, "Kwa hiyo kila akitaka kujipaka, kwanza apike?"

Usiku huo niliomba jiko la mkaa liingizwe chumbani. Mama mkwe, ambaye hadi hapo alikuwa amenikubalia kila kitu, alikataa katakata. Gesi ya mkaa haina harufu, na kila msimu wa baridi nyanda za juu husikika habari za watu waliofunga madirisha wakalala na jiko, asubuhi hawakuamka. Hili si la mzaha, nami naliandika kwa wanaopanga safari. Nilipewa blanketi la tatu, nikalala na viatu.

Baba mkwe alinipeleka Kalenga, kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mkwawa. Ni fuvu lililokaa Ujerumani miaka na miaka, mpaka Gavana Edward Twining alipolileta mwaka 1954 na kuwakabidhi Wahehe. Mzee alinieleza yote hayo kwa utulivu, kisha akanigeukia. "Na huko kwenu mna nini cha kale?" Nikajisikia ninaokolewa. Nikamweleza magofu ya Kunduchi: msikiti wa mawe wa karne nyingi, na makaburi yenye nguzo ambazo wazee wetu walizipachika sahani na bakuli za kauri kutoka China, kwa kuwa biashara ya bahari ilikuwa imewatajirisha. Nilitumia mikono, nikachora nguzo hewani. Mzee akafikiri sana.

"Sahani makaburini," akasema. "Kabati hamkuwa nalo?"

Nilirudi Kunduchi na mafua ya wiki nzima, na kiapo: Iringa haitanikuta tena bila nguo. Kwa hiyo tulipoalikwa kula Krismasi ukweni, nilikwenda kwenye mitumba, nikanunua koti refu linalofika magotini, lenye kofia na mifuko isiyo na idadi. Muuzaji aliniambia hilo limetoka kwenye theluji. Nilimwamini, na hadi leo naamini.

Tatizo ni kuwa Desemba Iringa si baridi. Desemba ni mvua. Kukikauka, jua la adhuhuri linawaka vizuri tu, watu wako na mashati. Nilishuka stendi nimevaa koti kwa sababu halikuingia begini, na dereva wa bodaboda akaniuliza kama naumwa. Hatukufika mbali. Barabara ya udongo mwekundu ikishanyeshewa, pikipiki huamua yenyewe inakokwenda, na yetu iliamua mtaroni. Sikuumia. Koti ndilo lililolala kwenye maji, na koti lililotoka kwenye theluji linajua kunywa. Nililivaa mpaka nyumbani kwa sababu kulibeba kulikuwa kugumu zaidi. Mama mkwe alinipokea mlangoni, akanitazama juu mpaka chini, akaita ndani, "Chemsheni maji! Mkwe ameganda tena!"

Misa ya Krismasi nilihudhuria nalo, limekauka nusu. Mbele palikuwa na pango la Noeli, lile alilolianzisha Fransisko wa Asizi mwaka 1223 huko Greccio, ambako nako ni kijiji cha mlimani cha Italia. Juu ya pango walikuwa wametandaza pamba kuwa theluji, na wachungaji wa sanamu walikuwa wamevishwa manyoya. Waumini wote walikuwa na nguo za sikukuu, nyepesi, za rangi. Waliovalia baridi ya Ulaya kanisani humo tulikuwa mimi na wale wachungaji, na wao angalau hawakutoka jasho.

Msimu wa mvua ndio pia msimu wa ulanzi, kinywaji cha mianzi. Mianzi michanga hukatwa ncha, hufungwa chombo kiitwacho mbeta chini yake, na utomvu hudondoka usiku kucha. Ukinywa asubuhi ni mtamu, hata watoto wanaonjeshwa. Ukiacha, unachachuka, na ukifika kuwa mkangafu, yaani mkali, si kinywaji cha kuendea kwa wakwe. Mimi niliupenda ule wa asubuhi. Siku ya kuondoka nikajaza chupa ya soda mpaka juu, nikakaza kizibo kwa nguvu zangu zote, nikaitia katika mfuko mmojawapo wa koti ili jirani zangu wa Kunduchi nao waonje.

Kitu kinachochachuka hutoa gesi, na gesi haingoji stendi. Tulikuwa tunateremka Kitonga. Mlio uliposikika, dereva alidhani gurudumu limepasuka, akasimamisha basi. Abiria wote walishuka kukagua matairi, yakaonekana mazima. Tuliporejea ndani, koti lilikuwa limeshaeleza kila kitu kwa harufu yake, na mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akamwambia mwanawe ahamie kiti kingine, asije akajifunza pombe akiwa mdogo.

Wenzangu wa Kunduchi huniuliza waende Tosamaganga lini. Nendeni Julai. Mvua haipo, barabara ni kavu, Kalenga mnafika kwa miguu mikavu, na baridi inatibika kwa sweta yenye mikono. Samaki wapelekeni, wanapendwa mno kule, ila wafungeni kwenye ndoo yenye mfuniko. Na anayehitaji koti aje kwangu tuelewane bei.