Nyota Wasio na Geti

Nyota wa mpira wa miguu ana geti, ana mlinzi, ana basi la vioo vyeusi, na akishuka humo masikio yake ameyaziba kwa muziki. Watu hudhani ulinzi wote ule ni wa kwake. Tangu nianze kuongozana na mtoto wa kaka yangu kwenye mbio za baiskeli za kuteremka mlima, naamini anayelindwa pale ni shabiki. Liondoe geti uone: unabaki uso kwa uso na bingwa wa dunia, mkononi una makapeni, mdomoni huna neno.

Kwa ambaye hajaziona, mbio zenyewe ni hivi. Mtu anapandishwa mlimani pamoja na baiskeli yake, anaachiwa peke yake, na saa inaanza kuhesabu. Hakuna kufukuzana bega kwa bega. Kila mmoja anateremka kwa zamu yake juu ya mawe, mizizi na matope, na aliyetumia muda mfupi kuliko wenzake ndiye mshindi. Baiskeli ina shokapu mbele na nyuma, zinabonyea kiasi cha sentimita 20, na bado mwisho wa njia utaona mtu anakunja vidole kimoja kimoja kuhakikisha vyote vipo. Kule Fort William, Uskoti, ambako Kombe la Dunia la mbio hizi lilifika kwa mara ya kwanza 2002, njia ina karibu kilomita 3 na inashuka zaidi ya mita 500. Wakali wanaimaliza chini ya dakika 5. Mimi ngazi za jengo ninaloishi Glasgow, lifti ikiharibika, zinanichukua muda huohuo, na ninapofika juu hakuna anayenipigia kengele.

Kijana wetu amezaliwa hukohuko Glasgow. Ukoo wetu unamchanganya; hadi leo hajui ni bibi yupi wa Lushoto na yupi wa Korogwe. Lakini muulize habari za Steve Peat wa Sheffield. Atakusimulia jinsi alivyokuwa wa pili kwenye Mashindano ya Dunia mara nne, mpaka 2009 kule Canberra, akiwa na miaka 35, alipompita Greg Minnaar wa Afrika Kusini kwa sehemu tano za mia za sekunde. Atakwambia kwamba 2013 Minnaar naye alitetea ubingwa wake nyumbani kwao Pietermaritzburg, tairi la nyuma likaisha upepo kabla hajafika mwisho, akashinda hivyohivyo. Atamtaja Rachel Atherton, aliyezoa raundi zote 7 za Kombe la Dunia 2016, hakuwaachia wenzake hata moja. Akifika kwa Mmarekani Aaron Gwin husimama kabisa, maana 2015 kule Leogang, Austria, mnyororo wa Gwin ulikatika pale pale mwanzoni, naye akateremka bila kupiga pedali hadi ushindi.

"Shangazi, bila mnyororo!"

Nikamwambia baba yake alipokuwa na umri huo alirudi nyumbani na baiskeli ya babu haina mnyororo, na hakupewa medali. Alipewa kitu kingine.

Wazazi wake wanafanya kazi za zamu, kwa hiyo safari ya Fort William ikaangukia kwangu. Nilifungasha maandazi, chupa ya chai, koti la mvua na kitenge cha kujitanda. Yeye alifungasha helmeti mpya, nyeupe, isiyo na mkwaruzo. Hakuwa na nia ya kuivaa. Ilikuwa ya kusainiwa.

Eneo la timu lilinishangaza. Timu kubwa zina malori yanayofunguka ubavuni, na mbele ya lori, nyuma ya kamba tu, mafundi wanafungua breki na kubadilisha matairi huku watu wakipita na vikombe vya kahawa. Nilitafuta geti. Hakuna. Nilitafuta mlinzi. Yupo mmoja, na alikuwa anaelekeza watu chooni. Nikasema leo kazi ni rahisi. Kijana atapata sahihi zake kabla ya saa sita, turudi kwenye joto.

Tatizo likawa kuwatambua. Mashabiki huwafahamu hawa watu wakiwa na helmeti iliyofunika uso mzima, miwani mikubwa na fulana ya rangi za timu, na wakiwa hivyo wanapita kwa kasi ambayo huwezi kumsalimia mtu. Wakivua, unapata kundi la vijana wembamba wenye kaptula, kapelo na viwiko vyenye plasta. Wote wamefanana. Kijana wetu, anayeweza kuijua baiskeli kwa mlio wa gurudumu, alimpita shujaa wake mwenyewe aliyekuwa ameketi kwenye ndoo akila wali, akaenda moja kwa moja kwa jamaa aliyekuwa anaosha baiskeli kwa mpira wa maji. Akamkabidhi helmeti. Yule jamaa akajitetea kwamba yeye ni fundi. Kijana, kwa aibu, akasema anajua. Basi fundi akafurahi kupita kiasi, akafuta mikono kwenye suruali, akachagua mahali pazuri kuliko pote, pale katikati ya paji la uso, akasaini jina lake lote kwa herufi kubwa, na tarehe.

Nilimliwaza kwamba fundi ndiye aliyelifunga lile gurudumu, na kwamba nati moja ikilegea hakuna bingwa. Hakuliwazika.

Tukahamia kwenye njia yenyewe, siku ambayo waendeshaji wanaikagua kwa miguu kabla ya mazoezi. Hapo unaweza kusogea karibu nao hadi ukasikia wanachoongea, na wanachoongea ni mawe. Niliona watu wazima wanne wamesimama kwenye mvua wakilitazama jiwe moja. Mmoja akalisukuma kwa mguu. Mwingine akarudi nyuma hatua kadhaa, akachuchumaa, akalitazama kutoka chini. Mimi nikadhani labda kuna mtu amelala pale. Kijana akanieleza kwa kunong'ona kwamba wanaamua wapite kushoto au kulia, na zile sehemu tano za mia za sekunde za Canberra zinaweza kuwa zimejificha kwenye jiwe la namna hiyo. Nikaliangalia na mimi. Nilipendelea kulia, lakini hakuna aliyeniuliza.

Pale ndipo usubi ulipotukuta. Mwanzoni mwa Juni, upepo ukitulia na hewa ikiwa na unyevunyevu, usubi wa milima ile hutoka kwa maelfu na hauchagui bingwa wala shangazi. Kijana alikuwa amepata ujasiri wa kumwomba mwendeshaji mmoja selfi. Walipojipanga, usubi ukashuka. Picha ipo hadi leo kwenye simu yake: kijana amefumba macho, mwendeshaji amejishika shavu, mimi kwa nyuma nimejifunika kitenge kichwani, wote watatu kama tuliopokea habari ya msiba sasa hivi.

Kesho yake, mazoezi yakiwa yameanza, tulipanda gondola kwenda juu. Ni vibanda vidogo vinavyoning'inia kwenye waya, na safari yake inachukua muda wa kutosha watu kujuana au kuchukiana. Mlango ukiwa karibu kufungwa, akaingia mwendeshaji. Helmeti mkononi, uso wazi, namba kifuani. Sitamtaja, kwa sababu hakukosa lolote, alikuwa anakwenda kazini. Kijana wetu alimtambua mara moja, maana namba ilimsaidia. Wiki nzima alikuwa amejiandaa. Alikuwa na maswali kwenye karatasi. Sasa mlango umefungwa, bingwa yuko mbele ya magoti yake, na hakuna anayeweza kwenda popote.

Akanyamaza. Alimnyooshea helmeti, akaitoa sauti moja isiyo na herufi, akanyamaza tena. Mwendeshaji akatabasamu, akasubiri. Nyaya zikalia. Geti lingekuwepo, mtoto angelilaumu geti, maisha yakaendelea.

Mimi nimelelewa Lushoto. Watu wawili wakikaa kwenye chombo kimoja bila kusalimiana, kwetu kuna ugomvi wa shamba. Nikamwamkia. Nikamuuliza kuhusu safari, kama amelala salama, kama mguu unaendelea vizuri, maana nilikuwa nimeuona umefungwa bandeji. Kisha nikamuuliza hali ya mama yake. Mtoto wa kaka yangu alitamani kuruka dirishani. Lakini yule mwendeshaji akaangua kicheko, akasema mama hajambo, yuko chini kwenye eneo la magari, anakaanga mayai. Nikamwambia anisalimie. Akasema kwa nini nisiende kumsalimia mwenyewe? Akasaini helmeti juu ya goti lake, mlango ukafunguka, akaenda zake kujitupa mlimani.

Salamu ni deni. Tuliposhuka nikamtafuta mama yule hadi nikampata. Ndipo nikaelewa kwamba siyo wote wana malori yanayofunguka ubavuni. Wapo wanaozunguka Ulaya nzima na gari moja wanalolala ndani yake pamoja na baiskeli, wanajilipia mafuta na ada za kushiriki, na fundi wao ni baba, na mpishi ni mama. Aliponiona na chupa ya chai akanivutia kiti chini ya turubai. Maandazi yangu yakapokewa kwa heshima kuliko yanavyopokewa kwenye vikao vyetu vya Glasgow. Mvua ilipozidi akanipa koti la timu, lenye nembo za wadhamini mgongoni, nikalivaa juu ya kitenge.

Siku ya fainali watu walijaa hadi sehemu ya chini kabisa ya njia, pale waendeshaji wanaporuka vilima vya udongo kwa kasi ya mwisho kabla ya kumaliza. Wana kengele za ng'ombe, wana honi, na wapo wanaokuja na misumeno ya mota waliyoitoa mnyororo, wanaingurumisha tu kwa ajili ya kelele. Nilikuwa nimebaki na yule mama. Nilimuuliza haendi kumwangalia mwanawe? Akasema hajawahi kuangalia hata mbio moja, yeye husikiliza. Kelele zikipanda taratibu kutoka juu kuja chini, mtoto yuko kwenye baiskeli. Zikikatika ghafla, anavaa viatu. Siku ile zilipanda hadi mwisho bila kukatika. Mwanawe hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alifika na baiskeli nzima. Mama akamaliza kusuuza kikombe.

Kijana wetu alikuwa kwenye uzio wa mwisho, akifanya jitihada zake za mwisho. Makapeni lake lilikuwa limeshalowa. Mwendeshaji mmoja mwenye jina kubwa sana alisaini helmeti ile mvua ikinyesha, na kabla hajamaliza herufi za mwisho, za kwanza zilikuwa zimeanza kuteremka. Kijana alikuja mbio kunionyesha, akanikabidhi, na sahihi ya bingwa wa dunia ikahamia yote kwenye kitenge changu. Nimekatazwa kukifua. Kilikuwa kizuri.

Na alikuwa ameongea! Alinisimulia mazungumzo hayo neno kwa neno. Alimuuliza bingwa kama amechoka. Bingwa akasema ndiyo. Mazungumzo yakaishia hapo. Alinirudia habari hiyo mara nyingi, kila mara kwa undani zaidi, ingawa sielewi undani mwingine aliupata wapi.

Tulipokuwa tunakusanya vikombe, akaja mtoto wa miaka kama sita, ameshika bango lenye sahihi kibao, baba yake amesimama nyuma akimtia moyo. Alinitazama: niko chini ya turubai la timu, nimevaa koti la timu, nimekunja nne, nakunywa chai. Akanyoosha bango na kalamu. Sikuulizwa jina, sikuulizwa kazi. Mtoto wa watu amesimama kwenye mvua, kwetu hatumrudishi mgeni mikono mitupu. Nikasaini jinsi ninavyosaini fomu za mshahara, na kwa kuwa palikuwa na nafasi, nikaongeza chini yake: "Soma kwa bidii." Baba mtu akanishukuru sana. Akanitakia msimu mwema.

Mtoto wa kaka yangu aliyaona yote yale na hakusema kitu. Tulipanda basi, hakusema kitu. Tulipita Glencoe, milima pande zote, mimi namnyooshea maandazi, yeye anatazama nje. Baadaye sana akaivuta helmeti kutoka kwenye begi, akaigeuza, akatafuta mahali palipobaki peupe, akanipa na kalamu bila kunitazama usoni.

Nikamwambia apange foleni. Tena foleni inaanzia nyuma ya fundi.