Namna ya Kumiliki Kamera Kubwa Elgon View

Tatizo la simu yako ni kwamba inapiga picha nzuri. Mtu hawezi kukaa Elgon View, nyuma ya ukuta wenye nyaya za umeme, akawaambia wageni kwamba siku hizi anapenda upigaji picha, halafu achomoe simu ileile anayolipia maziwa. Mji wenyewe umeshapanda cheo: tangu Agosti 2024 Eldoret ni jiji, na jiji lina mahitaji yake. Unahitaji kamera inayoning'inia shingoni na kumlazimisha mtu aulize, "Hiyo ni ya ngapi?"

Usianze kwa kujiuliza utapiga picha za nini. Swali hilo limewaharibia wengi ununuzi, kwa sababu jibu lake huwa la bei nafuu. Anza na kihisi, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Sema unataka fremu kamili, milimita 36 kwa 24, ukubwa uleule wa filamu za zamani. Mwenye duka atakuonyesha kamera yenye kihisi kidogo zaidi, APS-C, akuambie kwamba hata ukichapisha picha ya kutundika ukutani hakuna mgeni atakayeona tofauti. Huyo ni mtu mwaminifu. Mwondokee.

Jihadhari pia na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8. Ni nyepesi, ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa, na huingiza mwanga karibu mara kumi kuliko ile ya 18-55 inayokuja na kamera ikivutwa hadi mwisho. Kwa watoto sebuleni jioni, chini ya balbu moja, ni vigumu kupata inayoishinda kwa bei hiyo. Ndiyo maana haikufai. Ni fupi mno. Jirani akiiona atadhani bado unajifunza. Chukua ndefu, nyeupe ikiwezekana, yenye uzito wa kukushawishi uiache nyumbani.

Mtumba je? Ukiuliza idadi ya mibofyo ya shata utapata kamera nzuri sana. Nyingi za kuanzia hutengenezwa zivumilie mibofyo kama 100,000, kwa hiyo iliyobofya 15,000 bado ni kijana. Lakini mtumba mara nyingi hauna boksi, na boksi ndilo litakalokaa juu ya kabati la vitabu. Bei usimwambie mzee wako. Yeye hupima kila kitu kwa mitamba ya Friesian, na atakuuliza hiyo yako hukamuliwa saa ngapi.

Atatokea mtu wa kukutajia Mohamed Amin, Mkenya aliyeonyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, kwamba utotoni alianza na Box Brownie, kisanduku ambacho hakina karibu chochote cha kurekebisha. Mjibu kwamba zama zile hapakuwa na YouTube ya kumwonyesha alichokikosa.

Sasa umeinunua. Hatari kubwa iliyobaki ni mwanga. Eldoret iko nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, mita kama 2,100 juu ya usawa wa bahari. Jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu na kupanda moja kwa moja, halina muda wa kuzunguka. Kwa saa moja na kitu linapita ubavuni mwa miti, linagusa mashavu ya watu, kila kitu kinapendeza. Kufikia saa tatu limeshakuwa kali, na adhuhuri vivuli vyote vimejificha kwenye matundu ya macho. Saa ile nzuri, Elgon View huwa macho soja, mwuza maziwa, kwarara wanaochokora minyoo kwenye nyasi, na wakimbiaji. Wewe toka saa saba mchana, ukishamaliza kifungua kinywa. Picha zikiwa mbaya, laumu lenzi. Ipo nyingine ya kununua.

Wakimbiaji uwapige kwa oto, usiguse kitu. Kipchoge alipokimbia Vienna mwaka 2019 kwa 1:59:40, alikuwa akikata karibu mita sita kila sekunde. Kwa shata ya 1/60 mtu wa mwendo huo husogea sentimita kama kumi kabla picha haijafungwa. Kwa 1/1000 husogea milimita sita tu. Kijana wa mazoezi apitaye getini kwako hamfikii Kipchoge, ila miguu yake humfikia kwa ukungu. Ukiulizwa, sema ndiyo sanaa yenyewe.

Yote hayo ni mepesi. Mtihani ni koito, ile sherehe ya Wakalenjin ya kupatana mahari.

Habari za kamera hufika ukoo mzima kabla hujasoma kijitabu chake. Shangazi atapiga simu kutoka Turbo: "Kijana wangu, si una ile kamera kubwa? Basi tusimlipe mtu." Hapo umeajiriwa, mshahara ni chakula, na chakula chenyewe utakikuta kimepoa. Utapiga wazee wa upande huu, wazee wa upande ule, wazee waliochelewa wakadai ile ya kwanza irudiwe, akina mama kwa sare, akina mama wasio na sare ambao hawataki kuonekana karibu na wenye sare. Utapewa maziwa ya mursik huku mikono yote miwili iko kwenye lenzi nyeupe ya uzito uliouchagua mwenyewe. Kupokea kwa mkono mmoja ni utovu wa adabu, na kuiweka kamera chini ni kumkabidhi mtoto.

Halafu kuna hema. Turubai likiwa la kijani, jua la mchana hupita ndani yake na kumpaka kila mzee rangi ya mboga, pamoja na suti yake. Dawa ipo, na haina gharama: waombe wasogee hadi ukingoni mwa hema, wageukie nje, mwanga wa anga uwapate usoni, na upige RAW ili rangi irekebishike baadaye. Mzee aliyekwisha kukaa kwenye kiti cha plastiki na kupangua maneno ya mahari kwa saa tatu hatasogea kwa ajili yako. Ijaribu tu uone.

Kesho yake simu zinaanza: picha ziko wapi? Kila mtu anataka za kwake, kwa WhatsApp, sasa hivi. Megapikseli ulizolipia zinaminywa hadi zitoshe kuwekwa stetasi, na shangazi anazisifu kuwa ni safi karibu kama za simu ya binamu yako.

Baada ya hapo utataka pesa zako zirudi, utafungua ukurasa wenye jina lako na neno Studio. Kabla hujaujaza nyuso za watoto wa majirani, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Albamu ya nyumbani haina neno. Tangazo la biashara ndilo lenye neno. Mpige mbwa. Hana wakili.

Tangazo la mwisho huja lenyewe, kwa kawaida Januari, karo inapodaiwa. Liandike hivi: Inauzwa, kamera ya fremu kamili, lenzi ndefu, boksi lipo. Ipo Elgon View, haijawahi kunyeshewa. Mibofyo 9,600: elfu moja koito, mia mbili mbwa, iliyobaki muulize soja wa zamu ya alfajiri.