Kilo za Ukoo

Hapa Tunduma mtu haruhusiwi kukonda kwa hiari yake. Ukipungua lazima iwepo sababu, na sababu hiyo itajadiliwa kuanzia Sogea mpaka Majengo kabla wewe mwenyewe hujaijua. Biashara imelala. Mume kafungua nyumba nyingine ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia. Marejesho ya kikoba yamembana. Au ile sababu nyingine isiyosemwa kwa sauti: watu wanakutazama mashavuni, halafu wanaulizana pembeni iwapo umekanyaga miwaya. Mji wetu ni wa madereva wa malori, na kuna miaka ambayo aliyekonda hapa alianza kuagwa akiwa hai. Leo dawa za kufubaza virusi zipo, wanaozimeza wananawiri kutuzidi sisi, lakini majirani bado wanampima mtu afya kwa macho.

Mimi nauza vitenge. Kazi yangu ni kukaa, kuinuka, na kupanda stuli kushusha kitenge cha rafu ya juu ambacho mteja atakishika, atakisifia, kisha ataondoka bila kununua. Siku hizi stuli siipandi, namwita kijana wa duka la jirani. Magoti yanalalamika. Usiku nakoroma, kwa mujibu wa mume wangu, ambaye yeye hajawahi kukoroma tangu azaliwe. Basi nikaamua: napunguza. Na kwa kuwa shughuli hii haitaki upweke, nikatafuta mtu wa kunitia moyo. Sikutaka makubwa. Nilitaka mtu aniambie "utaweza, mama", kisha anyamaze.

Nikaanza na wifi yangu wa Vwawa. Nilimkuta jikoni anasonga ugali.

"Wifi, nataka kupunguza huu mwili."

Mwiko ukasimama. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kaka kakukera?"

"Hajanikera."

"Basi usitutie aibu, wifi yangu. Ulivyokuja kwetu ulikuwa mifupa na gauni. Sasa hivi ukipita, watu wanasema kweli huyu anatunzwa. Ukikonda, sisi tutajibu nini?"

Nikaelewa. Kilo hizi si zangu, ni za ukoo; mimi nazibeba tu kwa niaba. Halafu, ili nisiondoke na mawazo mabaya, akanipakulia. Ugali wa sembe, maharage yaliyoungwa kwa karanga, na paja la kuku alilokuwa amemfichia mwanawe. Ukilikataa paja la namna hiyo umetukana watu. Nikala. Haikupita wiki, mama mkwe huko Ileje akawa ameshapata habari kwamba mkwe wake hana raha. Akatuma kwa basi mkungu wa ndizi na jogoo hai aliyefungwa miguu. Kwetu wasiwasi hautumwi mikono mitupu.

Nikasema kama ndugu ndio hao, niende kwa wataalamu. Zahanati niliyokwenda siku hiyo ilikuwa na kliniki ya watoto, nikakaa benchi moja na akina mama wenye watoto mgongoni. Muuguzi alikuwa binti mdogo, mpole. Akanipima, akatoa kikokotoo. Hesabu yenyewe si ngumu: unachukua kilo zako, unazigawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Ikitoka kati ya 18.5 na 24.9 uko salama. Kuanzia 25 umezidi. Kuanzia 30 hiyo inaitwa kiribatumbo, na muuguzi anaanza kukuangalia kwa huruma. Kwa mwanamke wa mita 1.60, mpaka ni kilo 64. Kilo 64! Mimi niliagana nazo kabla ya mtoto wa kwanza. Jibu la kikokotoo changu nimemwachia binti kwenye faili, na naomba litunzwe sawasawa na siri nyingine za wagonjwa.

Alinieleza vizuri, sina lawama naye. Alisema siko peke yangu: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta wanawake 36 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au kiribatumbo kabisa. Utafiti huo huo ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kushoto kwangu pale benchini alikuwepo mama mwembamba, mwanawe kajiegemeza kifuani, ameambiwa aongeze: uji uwe na karanga, mtoto apate yai, apate mboga, apate mlo wa kati. Mimi naambiwa nipunguze. Mkoa huu unalima mahindi, unalima maharage, una mpunga wa Kamsamba, malori yanapakia usiku na mchana kupeleka kwa watu, na sisi tumekaa benchi moja, mmoja kapungukiwa, mwingine kapitiliza. Nilitamani tumegeane pale pale, yaishe.

Nikapewa na karatasi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na matunda, robo ugali, robo maharage au nyama. Sukari acha. Soda acha. Tembea walau nusu saa kwa siku. Nikaikunja nikaitia kwenye pochi, nikatoka nikiwa na nia njema kabisa. Nje ya geti la zahanati anakaa mama wa vitumbua. Hapo sitaeleza zaidi.

Nyumbani kwangu kuna mtaalamu mwingine. Mume wangu hakusomea udaktari, ila anamfuatilia Profesa Mohamed Janabi. Nani hamjui Janabi? Daktari wa moyo, ameongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akaongoza Muhimbili, na kila akikaa mbele ya kamera nchi nzima inaficha sahani. Punguza wanga, achana na sukari, kaa na njaa saa nyingi mwili uanze kula mafuta yake wenyewe. Mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, ofisi zake zikiwa Brazzaville, na tangu siku hiyo mume wangu anaona ameachiwa Tunduma aikaimu. "Janabi amesema," anaanza, mkono wake unamega tonge, jicho liko kwenye sahani yangu. Kwenye sahani yake Janabi hajawahi kusema kitu. Kile kitambi chake, anadai, kimetokana na kazi.

Huyo kaimu ndiye aliyepitisha sheria kwamba mwisho wa kula ni saa moja jioni. Kwa mji mwingine huo ni utaratibu mzuri. Kwa Tunduma ni mtego, kwa sababu ukivuka tu kuingia Zambia saa inarudi nyuma. Saa moja yetu, kwa wenzetu ni saa kumi na mbili. Mimi nina wateja Nakonde, nina madeni ya kukusanya, na watu wa kule ni wakarimu. Unafika, "muli shani, mama", saa ukutani inasema kumi na mbili, sheria haijavunjwa, nshima na kapenta zipo mezani. Mchana ndiyo balaa zaidi, maana saa saba inakuja mara mbili: ya kwetu, na ya kwao baada ya saa nzima, na zote mbili ni saa za chakula.

Na chikanda, jamani. Wanachukua viazi vya okidi, vinasagwa, vinachanganywa na unga wa karanga na pilipili, vinapikwa mpaka vinagandamana, halafu unakatiwa vipande. Viazi vyenyewe vingi vimekuwa vikitoka upande wetu, huku Nyanda za Juu Kusini, vikichimbwa magunia kwa magunia na kupitishwa hapa hapa Tunduma, hadi watu wa mazingira wakapiga kelele. Ni mojawapo ya sababu za Kitulo kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Kwa hiyo Wazambia wanakula maua yetu, na mimi ndiye ninayekwenda kuyafuata na kuyarudisha nchini, tumboni, bila ushuru. Sijapewa shukrani na mtu.

Mazoezi nayo nimeyajaribu. Mwaka 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya watu kufanya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Nikasema na mimi nitaanza Jumamosi. Nikanunua raba, nikavaa suruali ya michezo, nikajifunga kitenge juu yake kwa heshima, alfajiri nikatoka kukimbia kuelekea Mpemba. Mgeni hawezi kulijua hili, lakini mpakani mtu anayekimbia ni wa aina mbili tu: anayefukuza na anayefukuzwa. Bodaboda akanisogelea taratibu, akazima taa. "Dada, wamekushika mzigo? Panda nikupitishe njia ya panya." Nikamwambia nafanya mazoezi. Akacheka kwa adabu ya mtu aliyekubali kutunza siri. Mbele kidogo mama mmoja anayefagia uwanja akaacha ufagio: "Pole jamani, msiba uko wapi?" Halafu bajaji ikasimama bila kuitwa. Dereva kijana kabisa, umri wa mwanangu. "Mama, panda tu. Leo bure." Wema wa namna hii ndio unaotumaliza. Nikapanda.

Akanishusha karibu na mizani ya Mpemba, kwa sababu alidhani huko ndiko nilikokuwa nakimbilia. Malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu, madereva wengine wanapiga mswaki pembeni ya barabara, na akina mama wameshafika na masufuria ya supu na chapati zilizofunikwa kwa kitambaa. Kila lori likifikiwa linapanda, linapimwa ekseli kwa ekseli, na likizidi halibembelezwi: tozo, na mzigo ushuke. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo kwetu ilianza kutumika Machi 2019, inasema lori na mzigo wake lisivuke tani 56, liwe na matairi mangapi. Nilisimama pale na jasho langu la kupewa lifti, nikayaonea wivu yale malori. Lori lina kikomo kilichoandikwa. Lori halina wifi. Hakuna mtu wa mizani aliyewahi kulizunguka lori lililozidisha akapiga makofi, "Jamani, limependeza! Tajiri wake anatunza!"

Supu sikuinywa. Nilikunywa mchuzi wake tu, na chapati ya kuusindikizia.

Kuhusu zile chai za kusafisha tumbo zinazouzwa stendi, na mikanda ya kujikaza, msiniulize. Chai inayokukimbiza chooni inapunguza maji, mafuta yanabaki palepale, na choo cha sokoni ni cha kulipia.

Mwisho nikayapeleka malalamiko yangu kwenye kikoba. Kumbe nimegusa penyewe. Nusu ya wanachama walikuwa wamekwisha kupewa ile karatasi ya robo na nusu, kila mmoja kaificha kivyake. Tukaunda tawi la kupunguza uzito ndani ya kikoba: tutapimana kila kikao, aliyepungua anapigiwa makofi, aliyeongezeka analipa faini ya shilingi elfu mbili kwa kila kilo. Mizani tukainunua Nakonde. Siku ya kupimana mngetuona. Vilemba vikavuliwa, viatu, hereni, saa, mmoja akatoa simu na funguo za duka, mwingine akaomba kwanza aende msalani. Mama mwenyekiti alipanda wa mwisho. Akaitazama namba, akashuka, akapanda tena kwa mguu mmoja, akatangaza kwamba mizani ya Zambia haiaminiki na hesabu ya siku hiyo ni ya majaribio.

Ila faini hazikuwa za majaribio. Zikaingia, kikao hadi kikao, mpaka mweka hazina akaomba mwongozo, maana pesa ilikuwa imejaa na si mkopo wala si hisa. Wengine wakasema iwekwe benki. Mwenyekiti akasema pesa iliyotokana na chakula irudi kwenye chakula, ndiyo haki. Hoja ikapita bila mpinzani. Kilichochukua muda ni kama kitimoto kiwe rosti au kavu, na Waislamu wetu wawili watengewe kuku wa kienyeji au wa kisasa.

Siku hiyo ya kula ndipo nilipotiwa moyo. Nilikuwa nimeongezeka, namba imesomwa mbele za watu, faini nimelipa, nimekaa pembeni na sahani yangu nimenuna. Jirani yangu wa duka la ndoo akanisogelea, naye kalipa kunizidi. Akaniwekea ndizi ya kukaanga, akanigusa goti. "Utaweza, mama," akasema, mdomo umejaa. Maneno yale yale niliyoyatafuta mkoa mzima.

Kikao kijacho ni kwangu. Nimepangiwa chapati na maini, na nimekumbushwa mara nyingi kwamba chakula kiwe mezani kabla ya saa moja jioni, kwa kuwa baada ya hapo wanachama hatuli. Tukichelewa si neno. Mwenyekiti ana dada yake Nakonde.