Mwongozo wa Mkato kwa Msomi wa Kware

Sogea karibu, nisiseme kwa sauti.

Hapa Kware, kaunti ya Kajiado, watu walivutwa na machimbo ya mawe, na wachonga mawe wana siri isiyofundishwa chuoni. Hawapigi jiwe palipo pagumu. Hulizunguka, hulipapasa, hutafuta mshipa wake, kisha huweka tindo hapo hapo na kugonga. Jiwe linaachana vipande viwili. Mpita njia hudhani ni nguvu za misuli, kumbe ni mkato.

Wewe nawe uko chuoni: Multimedia kwenye barabara ya Magadi, Africa Nazarene upande wa Rongai, Umma kule mjini Kajiado, au kingine chochote. Umebeba mzigo ambao mwenzako hana. Pengine unatembelea magongo. Pengine una mtoto wa miaka miwili, au deni la mkopo wa masomo wa HELB, au katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuingia ofisini ila kupanga foleni. Kisha mnaitwa ukumbini watu mia tano mpewe ushauri wa kazi, na wote mnaambiwa jambo moja: vaa suti, mtazame mwajiri machoni, mpe mkono kwa nguvu. Asiyeona naye anaambiwa atazame machoni.

Fundi cherehani hapimi umati. Hupima mtu mmoja, bega na kiuno. Basi simama nikupime. Hizi hapa hatua saba za kukwepa foleni bila kumwibia mtu.

1. Jigambe kwa tarakimu

Kila mtu hupenda kuonekana mkubwa. Usipigane na tabia hiyo, itumie. Sivii nyingi zimejaa "mchapakazi" na "mwenye maono", na anayezisoma ameyaona maneno hayo hadi jicho lake linayaruka. Wewe mpe hesabu. Uliuza mandazi ukisoma? Andika: "Nilikaanga na kuuza mandazi 150 kila asubuhi kwa mihula minne, nikajilipia kodi ya nyumba." Ulichunga ng'ombe wa baba kule Mashuuru? Andika walikuwa wangapi, uliwatembeza umbali gani kutafuta maji wakati wa kiangazi, na ulirudi na wangapi. Huo ni usimamizi wa mali wakati wa shida, na kuna wakurugenzi ambao hawajawahi kuufanya.

Usiongeze hata sifuri moja. Ukiulizwa juu ya mandazi uliyokaanga kweli, utajibu ukitabasamu. Ukiulizwa juu ya mradi uliobuni jana usiku, utatokwa jasho.

2. Kata foleni kwa kadi

Hili ni la mwenye ulemavu, na lisome mara mbili. Kuna foleni iliyopangwa kwa ajili yako na wengi hawaingii. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inataka angalau asilimia 5 ya wanachama wa taasisi za umma za kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ililenga asilimia hiyo hiyo katika ajira, na mwaka 2025 ilipata mrithi wake, sheria mpya. Ili uhesabiwe, jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu: unachunguzwa na daktari katika hospitali iliyoidhinishwa, kisha unapewa kadi. Ukishaajiriwa, kadi hiyo inakufungulia mlango wa mamlaka ya kodi, KRA, pia, kwa kuwa ukipata cheti cha msamaha, sh 150,000 za kwanza za mapato yako ya mwezi hazitozwi kodi.

Najua kinachokuzuia. Hutaki kuhurumiwa. Unaficha mguu chini ya meza, unaficha kifaa cha sikio chini ya nywele, unataka ushinde kama wengine. Nakuheshimu kwa hilo, lakini waliokiandika kifungu cha 54 hawakukuhurumia. Walikuhesabu kama raia.

Na ukiitwa kwenye mahojiano, omba mapema unachohitaji. Andika wazi: "Nitahitaji mkalimani wa Lugha ya Ishara," au "Naomba chumba cha chini kwa kuwa natumia kiti cha magurudumu." Katiba inakupa haki ya kutumia Lugha ya Ishara na Breli. Atakayekunyima mahojiano kwa ombi hilo amekuonyesha mapema jinsi ambavyo angekutendea ukiwa kazini.

3. Usinunue vyeti vya kibali mapema

Kila msomi anayeanza kukanyaga lami huambiwa akusanye karatasi: cheti cha tabia njema cha polisi, kibali cha HELB, cha KRA, cha deni la mikopo, fomu ya tume ya maadili. Cheti cha polisi pekee kimekuwa kikitozwa sh 1,050. Jumlisha vingine, ongeza nauli na saiba, na mtoto wa kibarua wa mjengo ameshindwa kabla hajatuma barua.

Hapa kuna mkato, na ni wa kisheria. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili mwajiri asikudai vyeti hivyo hadi awe ameamua kukuajiri. Kwa hiyo tuma barua, sivii na vyeti vya masomo. Ukiambiwa ulete rundo zima kabla hata ya mahojiano, jibu kwa adabu: "Nitaviwasilisha mara nitakapopewa nafasi, kama sheria ya ajira inavyoelekeza." Fedha zako zibaki kuwa nauli.

Na kuhusu HELB, usijifiche. Deni hilo hudaiwa mwaka mmoja baada ya masomo, na asiyelipa hutozwa faini ya sh 5,000 kwa kila mwezi. Kukimbia ndiko kunakoligeuza deni la kawaida kuwa mlima. Waandikie ungali huna kazi, waeleze hali yako, na utunze nakala ya barua.

4. Mtengeneze mjomba

Mwenzako ana mjomba wizarani. Wewe mjomba wako anafuga mbuzi Isinya. Usilie. Mjomba wa ofisini hutengenezwa, na malighafi yake ni majivuno ya binadamu: hakuna anayechukia kuombwa afundishe.

Usiombe kazi. Omba dakika kumi. Anza na mlinzi wa getini, maana ndiye anayejua nani anahama na idara gani imezidiwa. Mwambie: "Habari ya kazi, mkubwa. Mimi ni mwanafunzi, natafuta mtu wa maabara anishauri kidogo. Nimuone nani, na saa ngapi huwa na nafasi?" Kesho yake rudi saa aliyokutajia. Ukiketi mbele ya mhandisi au msimamizi, muulize: "Mzee, ungekuwa mimi leo, ungeanzia wapi?" Atavuta kiti. Atasimulia. Ukiondoka, omba jina la mtu mmoja mwingine wa kuonana naye. Baada ya wiki tatu mpigie umwambie ulichofanya na ushauri wake. Mtu hamsahau aliyemtii.

Na huna haja ya kwenda mbali. Kutoka Kitengela hadi Athi River kuna viwanda vya saruji na eneo la viwanda vya kuuza nje. Isinya kuna mashamba ya maua. Magadi kuna kiwanda cha magadi soda. Mjini Kajiado kuna ofisi za kaunti. Mafunzo yako ya nyanjani yasiwe ya kutafuta muhuri tu. Hiyo miezi mitatu ndiyo nafasi yako ya kuchonga wajomba wawili.

5. Jibu swali kabla halijaulizwa

Hili ni la mama. Utaketi kwenye mahojiano, wataangalia umri wako, kisha mmoja atauliza kwa upole: "Una mtoto?" Anachotaka kujua ni kama utafika kazini. Mjibu hilo: "Ninafika saa mbili kasoro robo. Mtoto anabaki kwa shangazi yake, na akiugua kuna mtu wa pili." Kisha rudisha mazungumzo kwenye kazi. Kabla ya siku hiyo hakikisha shangazi yupo kweli na mtu wa pili amekubali.

Ujue pia mipaka yao. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia, ujauzito, ulemavu au hali ya VVU. Sheria ya VVU ya 2006 inakataza kulazimishwa kupimwa ili upewe kazi. Huhitaji kuyasoma haya kwa sauti chumbani. Yabebe kifuani, na mgongo utanyooka wenyewe.

6. Usiruke na kware

Kware ni ndege pia, na Kenya nzima inamkumbuka. Mwaka 2013 na 2014 habari zilienea kwamba mayai ya kware yana utajiri ndani yake. Watu walichukua mikopo, wakatafuta leseni kwa Shirika la Wanyamapori, wakajaza vizimba. Mayai yalipokuwa mengi kuliko walaji, bei iliporomoka, na aliyeingia mwisho alibaki na ndege na deni.

Mkato unaotangaziwa kila mtu si mkato tena. Ukisikia wakala wa kazi za Ghuba anataka pesa leo kabla ya saa kumi, kaa chini unywe chai. Kisha tafuta jina lake kwenye orodha ya mawakala walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hayumo? Basi huna safari.

Na cheti cha kughushi ndicho mkato mrefu kuliko yote. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba watumishi zaidi ya 2,000 walipatikana na vyeti bandia. Baadhi yao walikuwa wamefanya kazi kwa miaka, na tume ya maadili huenda mahakamani kudai hata mishahara irudishwe. Fikiria mtu wa miaka hamsini akirudisha mshahara alionunulia chakula na kusomeshea watoto. D yako halisi ni nyepesi kubeba kuliko A ya mtu mwingine.

7. Shindwa kwa ratiba

Utakataliwa. Basi panga kukataliwa kwako kama unavyopanga mtihani. Mahojiano ya kwanza yafanye kwenye kazi usiyoitamani sana, ili kigugumizi kiishie huko. Nunua daftari la mistari. Kwa kila mahojiano andika maswali uliyoulizwa, lililokushinda, na jina la aliyekuuliza. Ukikosa, mwandikie siku hiyo hiyo mistari mitatu: asante, nimejifunza hiki, mkipata nafasi nyingine nikumbukeni. Wengi hununa na kunyamaza, kwa hiyo wewe uliyeshukuru utabaki kichwani mwake. Aliyechukuliwa akiacha kazi mwezi wa pili, simu inaweza kulia kwako.

Hesabu nauli pia. Kutoka hapa hadi katikati ya Nairobi na kurudi, mara tatu kwa wiki, ni pesa za chakula. Omba mahojiano ya kwanza yafanywe kwa simu. Wengi hukubali wakiombwa. Panga shughuli za mjini siku moja. Na kila mara Tume ya Utumishi wa Umma inapotangaza intanshipu kwa waliohitimu, tuma. Ni ya miezi kumi na miwili, na sifa kuu inayotakiwa ni shahada uliyo nayo, wala si uzoefu ambao hakuna aliyekupa nafasi ya kuupata.

Sasa nenda. Kesho asubuhi usifanye hatua zote saba. Chagua moja, ile uliyosoma ukajisikia aibu. Kama ni kadi, nenda ukajisajili. Kama ni deni, andika barua. Kama ni mlinzi wa getini, mwamkie. Palipokugusa aibu ndipo penye mshipa.

Nami nakuomba malipo ya ushauri huu, kwa kuwa hakuna cha bure. Siku utakayoketi kwenye kiti chenye jina lako mlangoni, kijana wa Kware atafika getini akiomba dakika kumi. Atakuwa na magongo, au mtoto mgongoni, au viatu vilivyokwisha soli kwa lami. Mlinzi atakuuliza kama amruhusu apite. Mruhusu. Mvutie kiti. Wewe ndiye mjomba wake.