Kabro ya Mlangoni

Anayesema Kinna hatuna njia ya waenda kwa miguu ametukosea. Tunayo. Inaanzia mbele ya duka langu la vipuri vya pikipiki na kuishia kwenye kibanda cha chai cha Akko: hatua arobaini na mbili nikitembea mimi, sitini akitembea Akko mwenyewe. Imetandazwa kabro, vile vitofali vya saruji vyenye kiuno kama mfupa, na siku ya kuifungua tulikula pilau. Pilau yenyewe ilikuwa imara.

Waliotandaza walimwaga mchanga wa laga, wakapanga kabro juu yake, wakashikana mikono, wakaondoka. Ukingo wa kuzishika pembeni hawakuweka. Kabro bila ukingo ni meno bila ufizi, moja ikilegea jirani yake naye anaanza kuaga. Zilipokuja zile mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, mchanga ukachukuliwa na maji, pakabonyea, pakazama, pakawa shimo. Mwanzoni lilikuwa shimo la kuku. Sasa ni la mbuzi. Juzi ngamia wa mtu alilifikia, akalitazama kwa ile dharau yao, akashuka barabarani kulizunguka, nami nikamfuata nyuma. Kati ya wote waliowahi kulikagua, yeye ndiye pekee aliyechukua hatua.

(Siwezi kuficha: shimo lile limeniuzia spoki nyingi na taa za nyuma kadhaa. Lakini shukrani nazo zina mipaka, hasa usiku ukirudi kutoka Isha bila tochi.)

Nikaamua kulalamika. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kabla hujaanguka, lazima usimame kwanza uulize shimo ni la nani. Sheria ya Barabara ya 2007 ilizaa mashirika matatu: moja la barabara kuu, moja la mijini, moja la vijijini. Kisha Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti barabara za kaunti pamoja na taa za mitaani. Mambo yamepangwa vizuri sana kwenye karatasi. Sasa wewe shika kidole chako uoneshe Kinna ni mji au kijiji.

Afisi ya kwanza niliyoingia ilisema shimo liko kando ya barabara ambayo si yao. Ya pili ikasema njia ya miguu si barabara, barabara ni mahali gari linapopita. Nikawaeleza kwamba gari la miraa kutoka Maua limeshapita hapo mara mbili, na mara ya pili liliondoka na kiti cha Akko. Wakasema hilo sasa ni la trafiki. Ya tatu ilikuwa imefungwa, na mlangoni pamebandikwa karatasi: Huduma Kwanza.

Nikahudhuria na kikao cha kushirikisha umma. Wananchi tukaketi chini ya hema, tukapewa soda, tukaulizwa tunataka nini. Kila mtu alitaka maji, kama kawaida. Yaani hapa penye chemchemi bado tunaomba maji. Zamu yangu ilipofika nikataja shimo. Mwandishi wa kikao akaniuliza lina upana gani, akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Nilichungulia. Alikuwa ameliweka chini ya "masuala mtambuka".

Kinachoniwasha zaidi ni hesabu. Tangu Julai 2024 tozo ya kutunza barabara imepanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta. Pikipiki yangu hunywa lita tano kwa wiki. Hiyo ni shilingi 125, na kwa mwaka ni 6,500. Kwa fedha hizo ningetandaza sebule yangu na kubakiwa na za kununulia zulia. Badala yake nikasikia redioni magavana na wabunge wamevutana hadi mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za tozo hiyo, kila upande ukidai ndio unaofaa kuzitumia. Nilizima redio. Mapenzi yote hayo ya kutengeneza barabara, na hakuna hata mmoja aliyefika kugombea shimo langu.

Na sisi wa Kinna tunaishi Isiolo, kaunti ya ndoto kubwa. Tangu mradi wa LAPSSET, ule wa bandari, barabara na reli, uzinduliwe kule Lamu Machi 2012, tunaahidiwa kwamba Isiolo itakuwa jiji la mapumziko, watalii washuke kwenye uwanja wa ndege, waogelee, wale vizuri. Sawa. Mimi siombi bwawa la kuogelea, maana mvua zikinyesha tunalo. Naomba kabro kumi na nne.

Kumi na nne, nimehesabu. Na kusema kweli hazijaenda mbali. Tatu ni mafiga ya Akko, na chai yake imekuwa tamu zaidi tangu sufuria iache kuyumba. Nne zimezuia magurudumu ya lori la ng'ombe lililokufa hapa tangu Ramadhani. Mbili ziko kwenye bomba la msikiti, watu huweka miguu juu yake wakitawadha. Hizo zimeshakuwa wakfu, sizidai. Nne nyingine zimekuwa msingi wa banda la kuku la jirani. Ya kumi na nne tuiache kwanza.

Wiki iliyopita alikuja kijana mwenye fulana inayong'aa na futi ya kujikunja. Sikuamini. Akapima urefu, akapima upana, akaingia shimoni mwenyewe mpaka magotini, akapima kina.

"Mzee, kabro zenyewe ziko wapi?"

"Mvua, kijana wangu."

"Mvua huchukua mchanga. Kabro hubaki."

Akko akavuta leso yake taratibu, akayafunika mafiga, moto ukiwa unawaka. Kijana hakumwona, alikuwa anaangalia mlango wangu wa bati, uliokuwa wazi, umetulia kabisa, na upepo wa Kinna mnaujua.

"Na hiyo?"

"Hiyo nimeitunzia serikali."

Akainama, akaichukua, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaipachika ukingoni mwa shimo. Ikacheza. Akaweka kijiwe chini yake, ikatulia. Kisha akachuchumaa, akainamisha simu chini kabisa, karibu na ardhi, akapiga picha ya kabro moja iliyonyooka, na shimo lote likabaki nyuma ya kidole chake. Akatoa fomu akaandika. Mimi husoma vizuri hata maandishi yaliyogeuka: "Ukarabati umeanza."

Nyuma yangu upepo ukaubamiza mlango.