Giza la Kulipia

Disemba ikiingia huku Maryland na Virginia, watu wenye akili timamu, ambao umeme wao haukatiki mwaka mzima, hutoa pesa mfukoni ili wakatembezwe gizani. Matembezi ya mishumaa, ndivyo wanavyoyaita. Majumba ya matajiri wa karne ya 18 na 19 huzimwa taa, yakapambwa kwa majani ya msonobari, halafu mnapitishwa chumba kwa chumba mkiambiwa kwamba hivi ndivyo Krismasi ya kale ilivyokuwa. Mimi nimekulia kwenye mgao wa umeme. Kwetu giza lilikuja lenyewe, bila tiketi, na aliyekuongoza kwenda chooni alikuwa dada yako, akinung'unika njia nzima.

Safari hii mke wangu aliamua kwamba mama yake, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, hawezi kuondoka bila kuyaona. Kwa mkwe hakuna rufaa. Nikalipa.

Tukasimama nje kwenye baridi ya kuuma masikio, tukisubiri saa iliyoandikwa kwenye tiketi, saa ambayo wenye nyumba wenyewe hawakuijali. Mama, khanga mbili juu ya koti, aliyatazama madirisha yenye mwanga kiduchu, akanigeukia kwa huruma: "Baba Neema, hawa nao luku imewaishia?"

Mlangoni pametundikwa nanasi zima katikati ya matufaha. Mama akalibonyeza, akauliza litaliwa lini. Haliliwi, Mama, ni pambo. Wakulima wa mananasi wa Kiwangwa wasisikie. Na jambo la kuudhi zaidi ni kwamba hata hao matajiri wa kale wasingekubali. Nanasi lilisafirishwa kwa meli kutoka visiwa vya Karibi na bei yake ilikuwa ya kutisha. Hakuna mtu angeliacha lioze mlangoni. Mtindo huo ulienezwa na mji wa Williamsburg, uliokarabatiwa kwa pesa za tajiri Rockefeller, katika miaka ya 1930. Mti wa Krismasi nao ulikuwa sebuleni, umejaa marembo. Mjini Williamsburg mti wa kwanza unaojulikana ni wa mwaka 1842, uliopambwa na mwalimu Mjerumani, Charles Minnigerode. Rais George Washington alikuwa ameshakufa zaidi ya miaka arobaini.

Tuje kwenye mishumaa yenyewe, maana ndiyo niliyolipia. Ni ya betri. Naelewa, nyumba ya mbao ya zamani haichezewi na moto. Lakini basi mtuambie mapema. Mwanga mkali kuliko yote mle ndani ulikuwa wa kibao chekundu cha mlango wa dharura, kilichomwekundisha bwana mwenye nyumba ndani ya fremu yake hadi akaonekana ana homa.

Na harufu! Mdalasini kila kona. Mshumaa wa kawaida wa zama hizo ulitengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe au kondoo, na ulinuka kama jiko la supu lisilooshwa wiki nzima. Ule mzuri, wa mafuta ya kichwa cha nyangumi, ulikuwa ghali, hivyo uliwashwa wageni wakija. Utambi wa kusukwa, ule unaojiteketeza wenyewe, ulikuja miaka ya 1820. Kabla ya hapo mtu alikaa macho akiukata kila mara, la sivyo sebule nzima ilijaa moshi.

Mtu gani? Hapo ndipo ziara ilipoingia mdudu. Mwongozaji wetu, kijana mwenye kofia ya pembe tatu na saa ya mkononi inayowaka kila ujumbe ukiingia, aliinua mkasi mdogo wa shaba. "Huu ulitumika kukatia tambi," akasema. Kwa maelezo yake, kazi zote za nyumba ile zilijifanya zenyewe. Nyama ilichomwa, shuka zilipigwa pasi, vyungu vya chumbani vilimwagwa alfajiri. Mama akaniuliza, "Na nani?" Nikatafsiri. Kijana akajibu kwamba ni wahudumu wa nyumba. "Wakilipwa ngapi?" Saa yake ikawaka, akaitazama kwa shukrani kubwa.

 

Swali la Mama lina majibu, tena yameandikwa. Mount Vernon, kwa Washington, mwaka 1799 palikuwa na watumwa 317. Krismasi ya 1787 bwana huyo alilipa shilingi 18 ili aletewe ngamia wa kuonyeshwa wageni, na ndiyo sababu pale katika miaka yetu hii wamekuwa wakileta ngamia wakati wa Krismasi, aliyepewa jina Aladdin. Mpishi wake hodari, naye mtumwa, aliitwa Hercules. Mwaka 1797, siku ya kuzaliwa kwa bwana wake, Hercules alitoroka. Sijui keki aliiacha nani aiangalie. Na Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa hapahapa Maryland, alieleza katika kitabu chake cha 1845 jinsi mabwana walivyowapa watumwa mapumziko ya Krismasi hadi mwaka mpya, wakawashindanisha kunywa pombe, ili wakishalewa na kuumwa waone uhuru wenyewe ndio huo, warudi shambani wenyewe.

Hayo yote yanaenea ndani ya dakika tano, na hayahitaji mdalasini.

Basi nina pendekezo kwa majumba yanayotangaza usiku halisi wa kale. Mlangoni pigeni kura. Atakayeokota karatasi nyeupe aketi mezani, ale, asifiwe mavazi. Walio wengi waokote nyeusi, wapewe mkasi, ndoo na mafuta ya kondoo, wakae macho mpaka alfajiri. Kiingilio kilekile kwa wote. Foleni itayeyuka kabla mtu hajauliza choo kiko wapi, na mke wangu atalazimika kumpeleka mama yake kwenye duka la vitambaa, alikokuwa anataka kwenda tangu ashuke kwenye ndege.