Kwa Anko Lenzi: Wiki ya Maji

Anko Lenzi hupokea barua katika kibanda chake cha picha za pasipoti, Dandora Phase 4. Hajibu maswali ya mapenzi isipokuwa kamera imo ndani. Kila Desemba ikikaribia, vyama huanza kuhesabu nauli ya Pwani, na wasomaji huanza kuuliza habari za kupiga picha chini ya maji. Wiki hii barua zote zimelowa.

Simu ya kuogelea

*Anko, chama chetu kinakwenda Diani. Nina simu ya IP68, na aliyeniuzia aliapa kwamba hata papa haiwezi. Ila mwaka jana kioo kilipasuka, nikabadilishiwa na fundi wa pale steji. Nikiingia nayo baharini kuna neno?* – Mwanachama Asiye na Deni, Phase 3

Mpwa wangu, neno lipo, tena si moja. Ile 6 ni ya vumbi na ile 8 ni ya maji, lakini mtihani wenyewe hufanywa kwa simu mpya, katika maji yaliyotulia yasiyo na chumvi. Simu nyingi hupewa mita 1.5 kwa dakika 30. Bahari ya Diani ina chumvi na mawimbi, na haijawahi kusoma kile kijitabu cha kwenye boksi. Isitoshe, kinachozuia maji ni gundi na vipira vyembamba vinavyozunguka kioo. Siku fundi wako alipokibandua kwa hewa ya moto na kukirudisha kwa gundi yake, IP68 ilibaki kuwa maandishi. Na dhamana, hata ya simu isiyowahi kufunguliwa, mara nyingi hailipi hasara ya maji.

Nunua pochi ya plastiki ya kuvalisha simu. Kabla ya safari, tia karatasi ya chooni ndani ya pochi tupu, uifunge, uizamishe katika beseni nusu saa huku umeikandamiza kwa jiwe. Ikitoka kavu, simu ina matumaini. Ikilowa, umepoteza karatasi tu. Kumbuka pia kwamba kioo cha kugusa hakisikii kidole majini, kwa hiyo fungua kamera ungali ufukweni na upigie kitufe cha sauti. Kaa juu juu na mrija wako. Kuzama chini waachie wenye kasha la kamera lisiloingiza maji.

Mume ndani ya pipa

*Anko, mume wangu hupiga picha za harusi na ruracio. Sasa anasema anataka kupiga samaki kwa sababu samaki hawalalamiki albamu ikichelewa. Amenunua kamera ndogo ya kuingia majini, na kila jioni anatumbukiza kichwa katika pipa langu akifanya mazoezi. Bomba letu hutoa maji likipenda. Mengine nanunua kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Nimfukuze?* – Mwenye Pipa, Phase 2

Mama, usimfukuze bado, maana historia iko upande wake kidogo. Mwaka 1893, mwanabiolojia Louis Boutan alipiga picha chini ya bahari huko Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Taa yake ilikuwa pipa lililojazwa oksijeni, juu yake taa ya spiriti iliyopuliziwa unga wa magnesi ukawaka. Lakini pipa hilo halikuwa na maji ya kupikia ugali.

Tatizo la mumeo si adabu peke yake. Pipa haliwezi kumfundisha somo lenyewe. Maji hula rangi, na huanza na nyekundu. Ukishuka kama mita tano, nyekundu nyingi imekwisha kumezwa, na nyanya yako huonekana kama kipande cha makaa. Rangi ya machungwa hufuata, kisha manjano. Buluu ndiyo hukaa hadi mwisho, na ndiyo maana picha za wanaoanza huwa za buluu tupu. Maji pia hudanganya jicho: samaki huonekana karibu zaidi kwa robo ya umbali wake, na mkubwa zaidi kwa theluthi.

Kwa hiyo mwambie amri moja inayobeba nyingine zote: punguza maji kati ya lenzi na samaki. Asogee hadi mita moja, kisha asogee tena. Asivute kwa zumu, kwa sababu zumu humleta samaki pamoja na maji yote yaliyo katikati. Apige akiwa chini kidogo akielekeza kamera juu, si kutoka juu kama anayechungulia sufuria.

Ila kuna jambo moja hukuandika, nami naona ndilo zito: anajua kuogelea? Anayepiga mateke hutimua mchanga, huvunja matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi, na hurudi na picha za miguu yake mwenyewe. Aache kamera nyumbani kwanza, aende bwawani mjini ajifunze kuelea bila kutikisika. Ada ya bwawa aitoe kwenye bajeti ya kamera. Na pipa lifunge kwa kufuli.

Kasha la Kariobangi

*Anko, nina kamera kubwa ya kazi. Nimeona mtandaoni kasha la alumini la kuizamishia, bei yake inapita ya kamera. Huu si wizi? Nina fundi wa jua kali pale Kariobangi Light Industries anayeweza kuniundia la bati na kioo cha dirisha kwa bei ya kirafiki.* – Mwenye Akili ya Biashara, Phase 5

Ndugu, namheshimu fundi wako. Lango la kibanda changu ni kazi ya huko huko. Lakini hesabu kwanza. Kila mita 10 unazoshuka, maji huongeza mgandamizo wa takriban kilo moja kwa kila sentimita mraba. Kioo cha sentimita 10 kwa 10, ukiwa mita 10 chini, hubeba kilo 100 za ziada. Hiyo ni mifuko miwili ya simiti. Sasa fikiria bawaba, na kila kitufe kinachopaswa kubonyezwa kutoka nje bila tone kupita. Hiyo ndiyo bei unayoiita wizi.

Ubaya mwingine ni kwamba kasha hutengenezwa kwa modeli moja tu. Ukibadilisha kamera mwaka ujao, kasha linakuwa kopo la bei ghali. Wewe bado unajaribu, kwa hiyo anza na kamera iliyozaliwa kwa maji. GoPro nyingi, kuanzia HERO5 Black ya mwaka 2016, huvumilia mita 10 bila kasha. Olympus Tough TG-6 ya mwaka 2019 huvumilia mita 15, na lenzi yake huona kitu kilicho sentimita moja mbele yake. Hiyo ni dawa ya kaa wadogo na konokono wa bahari.

Siku utakapopata kasha, maisha yako yatategemea oringi, ule mpira mwembamba wa kuzibia. Unywele mmoja au chembe ya mchanga juu yake hutosha kuingiza bahari ndani. Ifute, ikague chini ya taa, uipake silikoni kidogo sana, kisha lizamishe kasha tupu kabla ya kutia kamera. Na flashi usiiweke karibu na lenzi, kwa maana itamulika kila chembe inayoelea, picha ijae madoa meupe. Itanue pembeni kwa mikono mirefu.

Mto na bahari

*Anko, mwanangu wa kidato cha tatu anataka kutumbukiza kamera ya kijiti katika Mto Nairobi, nyuma ya jalala, kwa shindano la shule. Nimruhusu?* – Mzazi, Phase 1

*Anko, nimerudi Malindi. Nililipia mashua, nikakodi kamera, lakini picha zote zimetoka rangi ya matope. Nitumie filta gani?* – Aliyelia Peke Yake, Phase 4

Nawajibu pamoja kwa sababu mnaniuliza habari za maji yaleyale.

Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, unapita mjini, unapita jalala letu lililoanza kupokea taka katikati ya miaka ya 1970, kisha unamwagika katika Mto Athi. Athi ukivuka Tsavo huitwa Galana, na karibu na bahari huitwa Sabaki. Unaingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, ukiwa na udongo wa mashamba ya bara na chochote tulichoutupia njiani. Mvua ikinyesha huku, bahari hubadilika rangi kule. Pepo za kaskazi zikivuma, tope hilo husukumwa kusini, kuelekea hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968.

Kwa hiyo, uliyelia peke yako, filta haipo. Filta nyekundu hurudisha rangi iliyoliwa na kina, haichuji udongo. Wakati mwingine nenda Watamu au Kisite, mbali na mdomo wa Sabaki, usiende mara tu baada ya mvua, na muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi. Maji yakijaa huleta maji safi ya bahari kuu. Yakipwa huvuta uchafu wa ufukweni.

Nawe mzazi, mtoto asitie hata kidole: mto huo hubeba maji taka, na kamera itaona giza la kahawia tu. Apige akiwa darajani, mchana, maji yakipita na mzigo wake. Kisha aje kibandani nimkutanishe na mwenzake wa Malindi. Mmoja ana mwanzo wa mto, mwingine ana mwisho wake. Wakizichapisha picha hizo mbili ubavu kwa ubavu, waamuzi wa shindano watakuwa na la kuzungumza.

Haraka haraka

*Megapikseli ngapi zatosha?* Ulizo nazo. Sogea karibu.

*Kasha hufanya ukungu ndani.* Lifunge asubuhi katika chumba kikavu, utie vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya.

*Nikitoka baharini nifungue kamera nione picha?* Usifungue. Iloweke kwanza katika maji ya bomba, ubonyeze vitufe vyote, uikaushe, ndipo ufungue.

*Naweza kuchukua kombe nikalipigie picha nyumbani?* Si kutoka hifadhi ya bahari. Hapo hakitoki kitu. Na chupa ya maji ya kutumia mara moja uiache Nairobi, maana tangu Juni 5, 2020 hairuhusiwi katika hifadhi za Kenya.

*Nimshike kasa kidogo tu kwa selfi?* Hapana. Kasa hupumua hewa kama wewe, na akipanda juu anafuata pumzi. Mpishe njia, utulie ubavuni mwake, umngoje akukaribie mwenyewe. Asipokuja, lipia mashua tena kesho.